Kanga Moja kwa Miaka Mitano: Tuambiane Ukweli Kabla ya Kura

 

Wiki hii tulikuwa tuwaletee mishono ya vitenge vya Krismasi. Tumeiweka pembeni, mtatusamehe. Mwaka 2024 uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa ulianza Ijumaa tarehe 11 Oktoba, ukaisha tarehe 20. Kampeni zilikuwa siku saba tu, tarehe 20 hadi 26 Novemba, na Jumatano ya tarehe 27 tulipiga kura. Lakini kanga zilikuwa zimeshaanza kutembea. Mwenzetu mmoja amepewa Jumapili baada ya ibada. Mwingine kaletewa nyumbani jioni na kijana wa bodaboda, imefungwa pamoja na kilo ya sukari. Hakuna aliyesema ni ya nini. Wala hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo leo tuzungumze. Sisi wanawake wa visiwa hivi tunachaguaje viongozi wetu? Tusijibu kama tunavyojibu mbele ya mchungaji au padri. Tujibu kama tunavyoongea tukiwa wenyewe, tunaanika dagaa.

TUANZE NA DHAMBI YETU WENYEWE

Mwaka 2020, wakati wa kampeni, alikuja mtu wa mgombea mmoja kwenye kibanda chetu cha ushonaji hapa Nansio, na oda ya blauzi 40 za kina mama. Hatutamtaja mgombea wala chama chake, maana hatukuja hapa kugombana. Alitanguliza nusu ya hela. Nusu nyingine tungepewa siku ya kuchukua mzigo. Tulikesha siku nne. Umeme ulipokatika tulimalizia kwa cherehani za miguu na taa ya sola. Siku ya mzigo akaja mtu mwingine, akabeba blauzi zote, akasema mheshimiwa atapita mwenyewe kumalizia.

Mheshimiwa hakupita. Siku ya kura ikafika. Mnajua tulimpigia nani? Huyo huyo. Tulijiambia kwamba akishindwa hela yetu imekufa, na akishinda atatukumbuka. Akashinda. Hela haijaja mpaka leo tunapoandika.

Tunayasema haya ili msidhani sisi ni watakatifu tunaowanyooshea wenzetu kidole. Tulikuwa na ushahidi wote kuhusu yule mtu, umeandikwa kwenye daftari letu la madeni. Mtu asiyemlipa fundi cherehani ataikumbuka vipi ahadi ya zahanati? Tulijua, na bado tukampa. Hatukuangalia tabia yake, tuliangalia deni letu. Na wale mama 40 walioshonewa blauzi waliangalia blauzi.

HESABU YA KANGA

Tupige hesabu kidogo, sisi ni wafanyabiashara. Tuseme kanga uliyopewa ni ya shilingi 10,000. Kiongozi unayemchagua anakaa miaka mitano, yaani siku 1,826 hivi. Gawanya. Umeuza siku yako moja ya kuongozwa kwa shilingi tano na senti. Shilingi tano, mama! Hata pipi ya mtoto hupati. Hakuna mwanamke katika soko la Nansio au pale Mwaloni Kirumba anayeweza kuuza ndoo ya dagaa kwa hasara ya namna hiyo. Dagaa tunabishania mpaka mia mbili. Ikija kura, tunapokea bei ya kwanza bila hata kuuliza.

Wapo watakaosema, "Sisi tunakula vyao, kura tunapiga kwetu." Tumelisikia sana hilo, na tumelisema sana sisi wenyewe. Linaonekana ni la ujanja. Lakini tuliangalie vizuri.

Kwanza, dada, moyo wako unaujua? Ukishakula sukari ya mtu wiki mbili, ukavaa kanga yake kanisani, ukaitwa jina lako mkutanoni na ukapigiwa makofi, ni wangapi kati yetu wenye uso wa kumnyima? Sisi tulidaiwa hela na bado hatukuweza. Torati inatuonya kwamba rushwa humpofusha mtu mwenye kuona, na haikusema humpofusha mjinga peke yake. Esau naye hakuwa mjinga. Alikuwa na njaa tu siku ile, na aliyekuwa na chakula alijua saa ya kumfuata.

Pili, na hili ndilo ambalo tunataka mlibebe mwende nalo nyumbani: kanga uliyopokea inamfungia mlango mwingine ambaye hukumuona. Yuko mama katika kijiji chako ambaye angeweza kuwa mwenyekiti mzuri kuliko wote. Unamjua. Ndiye anayeshika hesabu za kikoba na haijawahi kupungua hata mia. Ndiye mnayemwita usiku mtoto akiugua. Huyo mama hagombei. Muulize kwa nini. Atakwambia, "Mimi nitatoa wapi hela za kugawa?" Hapo ndipo penye msiba wetu. Tunakesha kwenye maombi tukimwomba Mungu atupe viongozi waadilifu, halafu tumeweka kiingilio ambacho mwadilifu hana uwezo wa kukilipa.

MAHAKAMA ILISHALISEMA

Msidhani haya tumeyatunga. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya nchi yetu ilirekebishwa, ikaruhusu kitu kilichoitwa takrima. Ilionekana kwamba mgombea akikirimu watu kwa mila na desturi, hiyo si rushwa. Tunaukumbuka wakati huo, wengine tulikuwa bado shule. Pilau zilipikwa, fulana zikagawiwa, na kila kitu kikaitwa ukarimu wa Kiafrika. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao wakaenda Mahakama Kuu kupinga. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikaifuta takrima, ikasema inakwenda kinyume na Katiba. Sababu mojawapo ni hii tunayoizungumza: inawabagua wagombea, mwenye nacho anapata nafasi na asiye nacho anaachwa nyuma. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, kuweka mipaka kwenye matumizi ya hela. TAKUKURU nao wapo kila wilaya.

Kwa hiyo sheria ilishafuta. Ni sisi ambao hatujafuta. Siku hizi takrima imebadilisha jina tu. Inaitwa nauli, inaitwa maji ya kunywa, inaitwa mchango wa kikundi. Na kwa aibu yetu sisi watu wa dini, inaitwa pia sadaka.

Ndiyo, tuliseme na hili. Ukikaribia uchaguzi, harambee za makanisa zinaongezeka. Kwaya inataka spika, jengo linataka saruji, na kamati inajua ni nani wa kualika. Mgeni rasmi anakuja, anatoa mifuko 50 mbele ya watu wote, anapewa kipaza sauti, na mchungaji anamwekea mikono. Je, yule mama wa kikoba anayetoa mia tano yake kila Jumapili miaka yote aliwahi kupewa kipaza sauti? Bwana Yesu alipokaa karibu na sanduku la sadaka hakumsifu tajiri, alimsifu mjane wa senti mbili. Kanisa lake tunalisimamisha sisi, halafu tunafanya kinyume chake. Dada zetu Waislamu wanatuambia kwao pia anayetoa rushwa na anayepokea wote wamelaaniwa. Basi katika hili hakuna wa kumcheka mwenzie.

NI NANI ANASHIKA KALAMU YETU?

Zawadi siyo kitu pekee kinachotuchagulia. Tuwe wakweli zaidi.

Kuna mume. Wengi wetu tunatoka nyumbani asubuhi ya kura tukiwa tumeshaambiwa. "Sisi nyumba hii tunampigia fulani." Mume ni kichwa cha nyumba, hatubishani na hilo hapa. Lakini kile chumba cha kupigia kura kimejengwa cha mtu mmoja kwa makusudi. Mumeo haingii, mama mkwe haingii, balozi haingii. Unaingia wewe na Mungu wako. Kumshauri mkeo ni haki ya mume. Kumwamrisha kura yake si haki ya mtu yeyote, na mwanamke aliyeamua kwa dhamiri yake hajavunja ndoa.

Kuna kabila na ukoo. Huyu Mkerewe, huyu Mjita, huyu Mkara, huyu Msukuma wa kuja. Tunajumlisha jina la ukoo kabla hatujamsikia anasema nini. Mwaka 2015 wengi wetu Kanda ya Ziwa tulisema kwa furaha kwamba Rais sasa anatoka kwetu, mtu wa Chato, mtu wa ziwa hili hili. Hatumsemi vibaya Hayati Magufuli, Mungu amrehemu. Tunasema kuhusu sisi na hoja ya "wa kwetu". Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, MV Nyerere ilipinduka ikitoka Bugolora, karibu kabisa na gati la Ukara. Kivuko kile kilitengenezwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Tulizika majirani, tulizika wateja, tulizika watoto waliokuwa wamevalia sare za shule. Kuwa na mtu wa kwetu juu hakukumzuia mtu yeyote pale chini kujaza kivuko kupita kiasi.

Hatutasema kura ilizamisha kivuko, huo utakuwa uongo. Lakini tujiulize: miaka yote ile, tulipokuwa tunapanda tumebanana na magunia na kuku, na kila mmoja wetu anaona, ni mgombea gani tulimsimamisha mkutanoni tukamuuliza, "Nani anahesabu watu gatini? Maboya yako wapi?" Tuliuliza kofia zitaletwa lini. Tuliuliza fulana za ukubwa gani. Sisi mafundi tunajua, maana mlizileta kwetu tuzipunguze.

Kuna rangi ya chama. Wengine hatuangalii jina la mgombea kabisa, tunaangalia bendera. Vyama vina kazi yake na kila mtu ana chama anachokipenda, hilo ni haki yake. Ila chama hakikusainii barua. Hapa Ukerewe mwaka 2015 tulimchagua Joseph Mkundi kuwa mbunge kupitia CHADEMA. Mwaka 2018 akahamia CCM, akawa tena mbunge kwa chama kipya. Haki yake, na si lengo letu kumhukumu. Lakini wale waliompigia kwa sababu ya bendera, bendera iliondoka wakabaki na mtu. Ndiyo maana tunasema mchunguze mtu. Bendera inaweza kubadilishwa kwa siku moja, tabia haibadiliki kwa siku moja.

Na kuna upepo. Tunaogopa kuwa upande wa wachache. Yule mwenye mkutano mkubwa, mwenye muziki mkubwa, mwenye msanii kutoka mjini, tunasema "huyu anapita tu," tunamfuata ili tusipoteze kura. Kura siyo mkeka wa kubashiri mpira. Hupati kitu kwa kumtabiri mshindi. Absalomu mwana wa Daudi alikuwa hodari wa upepo. Aliamka asubuhi akasimama penye lango la mji, akawaambia watu kesi zao ni nzuri ila hakuna wa kuwasikiliza, laiti yeye angekuwa mwamuzi. Akiinamiwa, anamshika mtu na kumbusu. Akaiba mioyo ya Israeli bila kuchimba hata kisima kimoja. Mwisho wake mnaujua, na maelfu waliomfuata mnajua walivyoanguka msituni.

MWANAMKE NA MWANAMKE MWENZIE

Sasa hili linauma. Mwanamke akichukua fomu, wa kwanza kumchambua ni nani? Sisi. Kaachika huyo. Hana mtoto huyo. Anasafiri sana Mwanza huyo, anafuata nini? Ana kiburi tangu afungue duka. Mwanaume mgombea ana wake wawili na nyumba ndogo Kisorya, hatusemi neno, tunasema "ni mwanaume".

Na wakati huo tunasahau ardhi tunayoikanyaga. Ukerewe hii ndiyo aliyozaliwa Mama Getrude Mongella. Mwaka 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake kule Beijing, mpaka nchi nzima ikamwita Mama Beijing. Mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Na alikuwa mbunge wetu wa jimbo, siyo wa viti maalum, mpaka 2010. Bibi zetu na mama zetu walimpigia kura, wengi wao hawakufika hata darasa la saba. Na sisi tuliosoma sekondari, wenye simu janja, ndio tunaosema mwanamke hawezi uenyekiti wa kitongoji?

Hatusemi mchague mwanamke kwa sababu ni mwanamke. Mwanamke mwizi ni mwizi. Tunasema mpime kwa kipimo kile kile. Ndoa yake na tumbo lake si sehemu ya vipimo.

"LAKINI KURA ZENYEWE..."

Tunajua mnachotaka kusema. Uchaguzi wa mitaa wa 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa vikilalamika wagombea wao wameenguliwa, na sehemu nyingi sana mgombea alipita bila kupingwa. Kuna wenzetu wengi ambao siku ile hawakupiga kura kabisa kwa sababu hapakuwa na wa kuchagua. Wamekata tamaa, na hatuwadanganyi kwamba hawana sababu.

Lakini kukata tamaa hakujamsaidia mwanamke yeyote. Kwanza, kura yetu imewahi kufanya kazi mkoa huu huu. Mwaka 2010 jimbo la Nyamagana lilimwangusha Lawrence Masha, waziri wa mambo ya ndani aliyekuwa madarakani, likampa Ezekia Wenje. Ilemela na Ukerewe pia zilibadilisha. Mwaka 2015 Nyamagana na Ilemela zikarudi CCM. Hatusemi ni upande gani ulikuwa sahihi. Tunasema watu wa Mwanza wanajua kumpa mtu na kumnyang'anya.

Pili, hata pale ambapo mgombea anabaki mmoja, huyo mmoja alitoka mahali. Kuna kura za maoni ndani ya vyama. Ukiwa mwanachama, pale ndipo uchaguzi wako unapoanza, na pale ndipo bahasha zinapotembea zaidi ya mahali popote. Wanachama wa kina mama ni wengi kwenye kila chama. Tukikataa bahasha mle ndani, mgombea atakayeletwa hata akiwa peke yake atakuwa mtu.

Tatu, kuna njaa. Hili hatulidharau. Mama mwenye watoto watano na hana unga, akiletewa kilo mbili za unga, hatutakuja kumhubiria mlangoni. Tunawasema sisi tulioshiba ambao tunapokea kwa tamaa. Na tunasema kwa vikundi vyetu: mama huyo tumfikishie unga sisi, mapema, ili asije akauziwa njaa yake. Kila kikoba kina mfuko wa jamii. Huu ndio wakati wake.

KWA NINI UCHAGUZI HUU MDOGO NDIO MKUBWA

Wengi wanasema wanasubiri uchaguzi wa Rais na wabunge. Mama, Rais hasaini barua yako ya utambulisho. Ukitaka mkopo, ukitaka kitambulisho, ukitaka kumdhamini kijana wako polisi, unaanzia kwa viongozi wa mtaa au kijiji. Mikopo ile ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, ilisimamishwa mwaka 2023 na mwaka 2024 ikarudi. Kikundi chako kitapitishwa kuanzia hapo hapo chini. Ukiwa na mwenyekiti anayetaka "chochote" ndipo akusainie, mkopo unaanza na deni kabla hujaupata.

Mume akifa na shemeji zake wakaja kupima shamba, wa kwanza kukusikiliza ni nani? Halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji. Baraza la ardhi la kijiji lina watu saba, na sheria inataka wasiopungua watatu wawe wanawake. Wanapendekezwa na halmashauri ya kijiji na kupitishwa na mkutano mkuu. Ni wangapi kati yetu wanajua baraza lao lina nani? Tutajua siku tukiwa tumevaa nguo za msiba, na itakuwa tumechelewa. Aliyemchagua mwenyekiti kwa kanga atakuta mwenye shamba kubwa ametoa zaidi ya kanga.

KIPIMO

Fundi mzuri hakati kitambaa kabla ya kupima, tunafundishwa hivyo wiki ya kwanza ya kozi. Kipimo cha kiongozi Biblia ilishatupa. Yethro, mkwe wa Musa, alimshauri Musa achague watu wenye uwezo, wanaomcha Mungu, wakweli, na wanaochukia mapato ya dhuluma. Vipimo vinne. Hakutaja kabila, hakutaja mali, hakutaja nani alikuwa na zawadi. Basi tuvitumie hivyo:

Ana uwezo? Muulize amewahi kusimamia nini kikasimama. Kikoba, kamati ya shule, kisima, timu ya mpira, hata duka lake mwenyewe. Asiyeweza kukuonyesha kitu kimoja alichokianza na kikafika mwisho, usimpe kijiji akajifunzie.

Anamcha Mungu? Usiangalie anakaa kiti cha mbele kanisani au msikitini. Angalia anavyoishi na mkewe au mumewe, na anavyomtendea dada wa kazi.

Ni mkweli? Kama alikuwa kiongozi, muulize mbele za watu: mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kila miezi mitatu, umeitisha mara ngapi? Mapato na matumizi yalisomwa lini? Hela ya ushuru wa mwalo ilifanya nini? Akianza kukwambia habari za wapinzani wake, umeshapata jibu.

Anachukia mapato ya dhuluma? Hapa ndipo rahisi kuliko pote. Amekuletea nini? Aliyekuja na kanga amejibu swali hili mwenyewe, bila hata kuulizwa. Na muulize fundi wake, muuza duka wake, mvuvi wake, anadaiwa na nani. Daftari la madeni la mtaani lina ukweli mwingi kuliko hotuba.

TUNALOWAOMBA

Tunawaomba mambo manne, dada zetu.

Nenda ukajiandikishe uandikishaji ukifunguliwa. Daftari hili ni la serikali za mitaa, kadi yako ya mpiga kura ya zamani haitoshi, lazima jina lako liandikwe kwenye kituo cha kijiji au mtaa wako. Ni dakika chache. Umri ni miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo mchukue na binti yako aliyemaliza shule.

Wanaogombea wanatakiwa wawe na miaka 21 na kuendelea na wajue kusoma na kuandika. Yule mama wa kikoba anatosha. Mfuateni wiki hii, siyo wiki ya kampeni. Muende kikundi, mumwambie: wewe chukua fomu, sisi hatutakudai kanga. Sisi ndio tutakaotembea nyumba kwa nyumba kwa ajili yako, kwa miguu yetu na nauli zetu.

Zawadi ikija, irudishe kwa heshima. Sema, "Ahsante baba, tutakusikiliza mkutanoni." Huna haja ya kutukana. Ukiogopa kurudisha peke yako, rudisheni kikundi kizima.

Na wachungaji wetu, mapadri, mashekhe, wazee wa kanisa: tunawaheshimu, ni wazazi wetu. Tunawaomba kuanzia sasa mpaka siku ya kura msimpe mgombea kipaza sauti kwenye nyumba ya Mungu. Saruji tutachanga sisi.

Kwa upande wetu tumeshaamua. Oda za sare za kampeni hatupokei mwaka huu bila hela yote mkononi, na anayeshonewa hatutajua tutampa nani kura mpaka tumempima. Kuna mmoja alikuja Jumanne. Tulimwonyesha daftari la 2020. Akaondoka bila kuaga.

Mungu atupe macho ya kuona na ujasiri wa kukataa. Tutaonana kituoni, njooni na vitambaa vya kichwa maana jua la Nansio mnalijua. Mishono ya Krismasi tutaileta wiki ijayo, tukijaliwa.